Kompyuta Iliyomshtaki Mama

Juzi kazini tulisafisha stoo. Nyuma ya maboksi ya karatasi tukakuta kompyuta ya zamani, zile za kisogo kikubwa, na mwenzangu mmoja akaichomeka kwa utani aone kama bado iko hai. Iliwaka. Feni ikakohoa mara mbili tatu, na baada ya muda ikatoa ile harufu: vumbi linalopata moto, plastiki, na chini yake kitu kinachofanana na majivu. Wenzangu walicheka wakaizima. Mimi nilitoka nikasimama kwenye korido nikijifanya natafuta simu yangu.

Kazi yangu ni kupokea simu za watu ambao kompyuta zimewakatalia. Siku nzima nasikia sentensi moja kwa sauti tofauti: "Sijagusa kitu." Mhasibu hajagusa kitu. Meneja hajagusa kitu. Vijana ninaofanya nao kazi hukasirika, wakiweka simu chini wanasema watu ni waongo. Wananiuliza nilipata wapi uvumilivu wa kuwasikiliza. Niliupata kwa mama, katika chumba kimoja cha kupanga nyuma ya baa za mtaa wa Kabalagala, na sehemu kubwa niliipata kwa kumdanganya.

Tulifika Kampala kutoka Uvira, Kongo, nikiwa na miaka saba, mimi, mama, na kaka yake mama, Mjomba Safari. Kule Uvira mama alikuwa nesi. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na moja katika kituo cha afya karibu na ziwa, na cheti chake kilivuka mpaka kikiwa kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya tumbo lake, chini ya kitenge. Hapa alikipeleka kwa wakubwa wa wauguzi. Walikitazama, wakakisifu, wakamwambia kimeandikwa kwa Kifaransa na wagonjwa wa huku hawaugui kwa Kifaransa. Ajifunze Kiingereza, kisha afike mbele ya jopo wamsikie akizungumza na mgonjwa. Miaka miwili ilipita ndipo wakampa siku, baada ya Pasaka. Mpaka hapo asimguse mtu.

Basi mama akawa anauza vitenge mkononi, akipita mlango kwa mlango na viatu vyake vyeusi vya unesi, na jioni anarudi na miguu imevimba.

Mimi nilikuwa nimepata shule, na Kiingereza kilinishika haraka kama homa. Baada ya miaka miwili nilikuwa ndiye mdomo wa nyumba. Barua ikija, nasoma mimi. Mtu wa umeme akigonga, naongea mimi. Mama alisimama nyuma yangu, mkono begani pangu, akisubiri nimgeuzie maneno. Hakuna kitu kinachompa mtoto wa miaka tisa kiburi kama hicho. Nilijiona mtu mkubwa. Sikujua kwamba mtu anayegeuza maneno anaweza pia kuyapinda.

Kompyuta ililetwa na Mjomba Safari. Alikuwa anapakia na kupakua mizigo katika bandari ya Port Bell, na ofisi moja ya huko ilikuwa inazitupa mashine zake za zamani. Aliileta juu ya bodaboda, imefungwa blanketi kama mgonjwa, yeye mwenyewe akiwa amekaa kinyumenyume kuishikilia. Aliiweka juu ya meza yetu moja, akafuta jasho.

"Dada," akasema, "mwalimu wako huyu. Halipwi mshahara na hachoki."

Kwa mtu aliyeitwa Ssalongo, baba wa mapacha aliyeuza diski kwenye meza karibu na stendi ya teksi, mjomba alinunua programu ya kujifunza Kiingereza. Ilikuwa na masomo saba. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mwanamume mpole aliyesema sentensi, akanyamaza, akakusubiri uirudie. Somo la kwanza lilikuwa salamu. La saba, ambalo mama alilihesabia siku, lilikuwa hospitali.

Tulipanga hivi: mimi nakaa mbele ya kioo cha kompyuta na kubonyeza, mama anapika na kurudia. Ukiingia jioni ungemkuta ameinama juu ya sufuria ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, mgongo kwa kompyuta, akimjibu yule mwanamume kwa sauti nzito ya adabu kwamba yeye hajambo, asante, na angependa kilo mbili za nyanya. Nje muziki wa baa unapiga mpaka vikombe vinatetemeka. Hakupandisha sauti, na hakukosa zamu yake.

Mashine ile ilikuwa na maneno mengi. Kila siku ilitokeza kisanduku kipya cha malalamiko. Siku ya kwanza tu iliwaka ikagoma kuendelea, ikaandika maneno meupe kwenye kioo cheusi. Mjomba akaipiga kofi ubavuni, kama anavyoipiga redio. Mama akamshika mkono.

"Acha kwanza. Iko inasema nini?" akaniuliza.

Nikasoma. "Inasema haioni kibodi."

"Inasema haioni kibodi," mama akarudia. "Basi tuangalie kibodi."

Akapiga magoti, akaufuata ule waya kwa vidole viwili, taratibu, mpaka nyuma ya mashine, akakuta kichwa chake kimechomoka nusu. Akakisukuma. Mashine ikaendelea. Mjomba alicheka mpaka akakaa chini, lakini mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona kitu. Watu wote niliowajua, wakiona maneno kwenye kioo, waliogopa au walikasirika. Mama peke yake aliyasikiliza, kama vile anaambiwa na mtu.

Alikuwa hivyo kwa kila ujumbe. Umeme ulipokatika ghafla na ukarudi, mashine ilijaza kioo kwa mistari na namba zinazopanda, nami nikadhani inatugombeza. "Inajipima yenyewe," mama alisema nilipomsomea. "Usiiguse mpaka imalize." Ujumbe ulipokuwa mrefu alinikataza kuruka. Nikisema, "Mengine hayana maana," alijibu, "Aliyeyaandika alipoteza muda wake bure? Maliza." Na hakuruhusu kubadilisha vitu viwili kwa pamoja. Ukibadilisha viwili na mgonjwa akapona, alisema, hujui kilichomponya, na kesho akirudi utakuwa mjinga kama leo. Alisema "mgonjwa". Hata mjomba alipomcheka hakuacha kusema "mgonjwa".

Kisha ikaja ile Jumamosi ya mgongo wa Hajjati.

Hajjati ndiye aliyekuwa na vyumba vyote vya uani petu. Alikuwa Mnubi, mwanamke mrefu wa manukato mazito, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri, kwa sababu kwao wanaume walikuwa askari tangu zamani na lugha ilikaa nyumbani na bunduki. Alikuwa na jipu mgongoni, chini kidogo ya bega, pale ambapo mkono wa mtu mwenyewe haufiki. Siku nne hakulala. Siku ya tano aliingia kwetu bila kubisha, akakaa juu ya kitanda, akasema, "Mama Riziki, wallahi, toa hiki kitu au unizike."

Riziki ni mimi.

Mama alikataa. Akamwambia aende hospitali. Hajjati akasema alikwenda, foleni ilikuwa mpaka barabarani, na alipokaa kwenye benchi alizimia. Wakabishana kwa sauti ya chini. Mwisho mama alinipa ndoo nikachote maji, na nilipokuwa narudi mlango ulikuwa umefungwa na pazia limeshushwa.

Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Nilimwona mama kwa namna ambayo sikuwahi kumwona. Alikuwa amefunga nywele, amekunja mikono hadi kwenye viwiko, na mikono yenyewe ilikuwa haina haraka. Kulikuwa na wembe ndani ya sufuria inayochemka juu ya sigiri ya makaa. Kulikuwa na beseni. Hajjati alikuwa ameuma ncha ya shuka. Mama alisema naye maneno madogo madogo, kisha mkono wake ukaenda mara moja tu, na Hajjati akatoa sauti kama mlango unaofunguliwa kwa nguvu. Halafu damu, na kitu kingine kisichokuwa damu. Nikakimbia nikaketi nyuma ya choo na ndoo yangu.

Jioni Hajjati alinikuta uani. Alitembea wima, ametulia, macho yake madogo yanang'aa. Akaninyooshea kidole. "Wewe mtoto, uliona?"

"Sikuona, Hajjati."

"Vizuri. Hukuona. Mama yako amenifanyia operesheni bila karatasi ya serikali. Watu wakijua, watamfunga."

Nadhani aliniambia hivyo kwa upendo. Alitaka kunifunga mdomo, na alifaulu kuliko alivyotaka.

Kesho yake, Jumapili, tulifika somo la saba. Mama alikuwa amesubiri. Alivaa kitenge safi kwa ajili ya kurudia maneno juu ya sufuria. Nikaingiza diski, nikabonyeza. Mashine ikazunguka, ikaguna, ikanyamaza. Kisha kikatokea kisanduku cha kijivu chenye duara jekundu na alama ya msalaba mweupe ndani yake.

Kiliandikwa kwa Kiingereza, na nilikielewa kila neno, na hapo ndipo palipokuwa na msiba. Kilisema programu hii imefanya "illegal operation" na itafungwa.

Neno la kwanza nililijua vizuri. Lilikuwa limepakwa kwa rangi nyekundu kwenye vibanda vilivyojengwa juu ya mtaro, na wiki iliyofuata vibanda vile vilivunjwa. Maana yake ni kitu ambacho serikali imekataza. La pili hakuna mtoto asiyelijua. Operesheni ni operesheni. Unalazwa, unapasuliwa. Na hilo la mwisho nililigeuza kuwa kufungwa, na kufungwa ni kufungwa.

Mashine ilikuwa mezani wakati mama anampasua Hajjati. Ilikuwa hatua tatu kutoka kitandani, na taa yake ndogo ya kijani ilikuwa inawaka. Ilikuwa imeona.

"Inasema nini?" mama akauliza bila kugeuka.

Nikabonyeza kile kisanduku kikatoweka.

"Inasema imechoka," nikasema.

Mama akakoroga sufuria. "Imechoka? Haya. Iache ipumzike."

Kwa wiki mbili nilimlinda mama yangu dhidi ya kompyuta. Kila jioni aliomba tujaribu tena somo la saba, kila jioni kisanduku kilitokea, na kila jioni niliwahi kukiua kabla hajageuka. Nilikuwa na kidole chepesi. Nikasema imechoka. "Imechoka" ilipoisha nguvu nikasema ina joto. Na mama, aliyeamini kwamba ujumbe husema kweli, aliitibu joto. Aliipumzisha saa nzima kabla ya somo. Alimwagia sakafu maji ipoe. Mwisho aliisogeza meza mpaka dirishani ipate upepo, na nje ya dirisha lile ndipo jirani yetu alipokaanga mihogo akipepea sigiri kuanzia saa kumi. Majivu yakawa yanaingia ndani ya mashine kila jioni, meupe na laini. Sasa hata masomo mengine yakaanza kukwama.

Nilimwona akipungua. Hakulalamika, lakini alirudia somo la tatu na la nne mpaka yule mwanamume akawa hana jipya la kumwambia. Angeweza kununua nyanya katika mji wowote wa Waingereza. Hakuweza kumwuliza mtu panapomuuma. Pasaka ilikuwa inakaribia. Mjomba alimwambia ampelekee mashine Ssalongo, na siku moja tulimpitia pale kwenye meza yake, mama akamweleza kwamba ina joto.

Ssalongo alitikisa kichwa kwa huruma. "Hiyo ya kawaida, nyabo. Dawa yake ni kufuta vitu vyote, naanza mupya. Uniretee kesho."

"Vyote?"

"Vyote. Inakuwa kama ya duka."

Mama alimshukuru. Tulipogeuka akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Hakuuliza hata imeanza lini." Kisha akaniangalia. "Hata mimi sikuuliza. Imeanza lini, Riziki?"

"Sijui, mama," nikasema. "Sijagusa kitu."

Siku mbili baadaye nilirudi kutoka shule nikamkuta amekaa kwenye kiti changu.

Hakuwa amekwenda kuuza vitenge. Mikono yake ilikuwa juu ya mapaja, na mbele yake, kwenye kioo, kile kisanduku kilikuwa wazi na duara lake jekundu. Alikuwa amekiacha vilevile. Sijui alikuwa amekitazama kwa muda gani. Na mimi, katika hesabu zangu zote, nilikuwa nimesahau jambo moja: kwamba Kiingereza na Kifaransa ni lugha za ukoo, na yale maneno mawili Mwingereza huyaandika karibu sawasawa na anavyoyaandika Mfaransa.

"Njoo usome," akasema.

"Inasema ina joto."

"Soma neno kwa neno."

Nilifungua mdomo, kikatoka kilio. Nililia kwa namna ambayo jirani wa mihogo alikuja dirishani, mama akamwambia kwa mkono kwamba hakuna kitu. Nikamwambia watamfunga. Akauliza nani. Nikamwambia kompyuta imeona, imeandika, kila siku inaandika, imesema operesheni imekatazwa na itafungwa, na mimi nimekuwa naifuta kila siku lakini haisahau.

Niliogopa atacheka. Namshukuru mpaka leo kwamba hakucheka. Aligeuka akakisoma kile kisanduku tena, midomo ikitembea kwa Kifaransa, na nikaona jambo likimfikia usoni polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Akaguna. Akanivuta nikae juu ya paja lake, ingawa nilikuwa nimeshakuwa mrefu kwa mapaja.

"Nilijua unanidanganya," akasema. "Tangu juzi, kwa Ssalongo. Mgonjwa akinidanganya simfokei. Huwa namwuliza anaogopa nini. Ila wewe nilichelewa kukuuliza."

Kisha akanieleza. Mashine haina macho. Operesheni yake ni kazi yoyote inayofanya ndani yake, kujumlisha au kuchora au kuimba. Imejaribu kufanya kazi moja ikashindwa, na aliyeiandika hiyo sentensi alichagua maneno makali. Kufungwa ni kuzimwa tu. "Haimzungumzii Hajjati," akasema, "wala mimi."

"Kwa hiyo hukufanya makosa?"

Hapo mtu mwingine angesema hapana, na mambo yakaisha. Mama alifikiri.

"Nilifanya," akasema. "Walinikataza kumgusa mtu, nikamgusa. Kama Hajjati angezidiwa mikononi mwangu ningekuwa wa kushtakiwa, na wangekuwa na haki. Ndiyo sababu naitaka ile karatasi. Nimechoka kujificha nyuma ya pazia." Akanifuta uso kwa kiganja. "Wewe nawe umebeba hiyo wiki mbili peke yako. Kitu kizito hivyo usinifiche tena. Sasa tumtibu mgonjwa. Imeanza lini?"

Nikamwambia ukweli: siku ile ya somo la saba. Masomo sita ya kwanza yalifanya kazi. Mengine yalianza kukwama baada ya meza kwenda dirishani.

"Basi ni magonjwa mawili," akasema, na kwa mara ya kwanza katika wiki hizo nikamwona amefurahi.

Alitoa diski akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaigeuzageuza. Karibu na tundu la katikati palikuwa safi kama kioo. Ukingoni, pale panaposhikwa na vidole, kulikuwa na alama za mafuta, duara juu ya duara, na vidole vilikuwa vidogo. Niliitambua mihogo ya kukaanga. Mama hakusema kitu kuhusu vidole. Alisema tu labda somo la mwisho liko ukingoni. Akaosha mikono. Akaleta maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo na kipande cha kitambaa laini, akaifuta kutoka katikati kwenda nje, kila mara kutoka katikati kwenda nje, bila kurudi alikopita. "Kidonda husafishwa hivi," akanieleza. "Uchafu unausukuma utoke, huuzungushi." Miaka mingi baadaye, kwenye mafunzo ya kazi, nilifundishwa kwamba diski husafishwa hivyohivyo. Mwalimu alishangaa nilipotabasamu.

Tukaikausha, tukaiingiza, nikabonyeza. Kisanduku kikatokea tena.

"Soma yote," mama akasema.

Nikasoma. Mara hii hakikusema operesheni. Kilisema kifaa hakiko tayari.

"Imebadilika!" Mama alipiga makofi mara moja. "Unaona? Dalili imebadilika. Tumegusa mahali penyewe." Mimi niliona ujumbe wa kukataa, yeye aliona mgonjwa aliyeanza kuongea. Akazima kila kitu, akachomoa waya ukutani, akavuta meza kutoka dirishani. Akafungua ile droo inayomeza diski, akapuliza ndani, na uso wake ukawa mweupe wa majivu. Akakohoa, akapuliza tena. Kwa pamba iliyozungushwa kwenye njiti alifuta kila mahali palipofikika, akinionyesha kila pamba ilivyotoka nyeusi, kisha kijivu, kisha safi. Akangoja. Akaniambia niwashe.

Somo la saba lilifunguka. Yule mwanamume mpole akauliza, kwa Kiingereza chake kisicho na haraka, "Unaumwa wapi?" Mama hakuwa na sufuria mkononi. Alisimama katikati ya chumba, majivu bado kwenye nyusi, akaniuliza mimi swali hilo kwa Kiingereza kana kwamba nimelala mbele yake. Nikamwonyesha kifua. Akaweka mkono pale.

Hajjati aliambiwa kisa chote. Kisha akauliza, "Yaani hii kompyuta ilinishtakia mgongo wangu?" Akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akaacha ghafla, akanishika kidevu na kuniomba radhi. Mtu mzima alikuwa hajawahi kuniomba radhi. Nikasema asante.

Siku ya jopo mama aliondoka asubuhi na Mjomba Safari, aliyeomba ruhusa kazini ili tu amsindikize mpaka mlangoni. Alirudi saa tisa. Alisema walikuwa watu watatu. Swali moja hakulielewa, akaomba walirudie, hakulielewa, akaomba tena, na mara ya tatu mzee mmoja wa jopo alilisema polepole, na mama akalijibu. Mengine yote yalitoka kinywani mwake. Hakujua kama yalitosha.

Barua ilikuja kupitia sanduku la posta la Hajjati, naye aliileta mwenyewe akiwa ameishika kwa ncha za vidole. Wakati huo mama angeweza kuisoma bila mimi. Aliifungua, akaikunjua, akaitazama juu tu, kisha akanipa. "Soma wewe," akasema, na akaketi kitandani na mikono juu ya mapaja. Hajjati akaketi pembeni yake.

Nilisoma nikigeuza kila mstari. Wanamshukuru kwa kufika. Wamefurahishwa na maelezo yake. Wamemkubali. Hajjati akaanza kupiga kigelegele, mama akamgusa goti ili anyamaze, kwa sababu aliona barua bado haijaisha. Na mimi nilikuwa nimeshaliona lililokuwa linakuja. Macho yalitangulia mdomo.

"Endelea, mama," akasema. Kwetu mtoto wa kike huitwa mama akipendwa.

Nikaendelea. Niligeuza kila neno lilivyokuwa: kwamba miaka yake kumi na moja haitahesabiwa, kwamba ataanza kama msaidizi, chini ya wauguzi wengine, mwaka mzima, kwamba katika mwaka huo hataruhusiwa kufanya jambo lolote peke yake. Hajjati akasonya kwa nguvu. Mama hakusonya. Alitazama sakafu kidogo, taya likatembea kama anatafuna kitu kigumu, kisha akainua uso.

"Imeisha?"

"Bado. Kuna mistari miwili."

"Soma."

Nikasoma siku ya kuripoti na saa. Nikasoma mavazi: gauni jeupe, wenyewe watampa. Na viatu, vyeusi, visivyo na kisigino, aje navyo.

Mama aliinuka, akaichukua barua mkononi mwangu, akaikunja kwa mikunjo yake ileile.

"Viatu ninavyo," akasema.